Kumbe za Mjomba

Mjomba wangu ameandika neno moja tu maishani mwake, nalo ni kumbe. Aliliandika kwa herufi za madini ya risasi, akiwa amesimama, vidole vyeusi kama vya muuza mkaa, katika ukurasa wa michezo wa gazeti la kila siku, na likachapwa chini ya jina la mtu mwingine.

Alikuwa mpanga herufi. Siku hizi nikiwaeleza wenzangu wadogo ofisini kazi hiyo ilivyokuwa, wananitazama kama nawatungia hadithi. Kwamba kila neno lililosomwa mjini asubuhi lilikuwa limeokotwa, herufi moja moja, kutoka kwenye sanduku lenye vijumba vingi kama mzinga wa nyuki, likasimamishwa juu ya kipande cha chuma alichokishika mtu kwa mkono wa kushoto, na mtu huyo akalisoma kinyumenyume, kichwa chini miguu juu, kabla halijagusa karatasi. Mjomba alisoma hivyo kwa kasi kuliko sisi tunavyosoma sawasawa. Utotoni tulikuwa tukikaa naye mezani, kitabu kimetuelekea sisi, yeye upande wa pili anakunywa chai, na bado anatusahihisha kabla hatujalifikia kosa lenyewe.

"Huyu mdogo wangu," mama alikuwa akisema, "ukimsimamisha kwa kichwa ndipo akili zake zinapokaa vizuri."

Ni mtu wa kucheka. Mfupi, wa mviringo, na amemwoa mwanamke anayempita kichwa kizima. "Nimeoa ngazi," huwaambia wageni. "Taa ikiungua ndani ya nyumba, mimi sihangaiki." Naye mkazamjomba hujibu bila kugeuka kutoka alipo, "Na mimi nimeolewa na kigoda. Nikichoka nakaa."

Kumbe yake ilizaliwa kwa shida ya chuma. Ukurasa wa kwanza wa gazeti lao ulifungwa mapema, na wa michezo ulifungwa mwisho, maana mpira hauna adabu ya kumalizika mapema. Sasa, safu zote za ukurasa lazima zifike chini pamoja, kama kingo za meza. Habari ikipungukiwa na mstari mmoja, chini hubaki tundu. Dawa ya tundu ilikuwa ni vipande vyembamba vya risasi, ambavyo mpanga herufi huvichomeka baina ya mistari ili kuivuta habari irefuke. Lakini vipande hivyo havikuwa vingi, na ukurasa wa kwanza uliwahi kuvichukua. "Hotuba," Mjomba husema, "hula nafasi kama mchwa." Ikifika zamu ya michezo, kisanduku kilikuwa kitupu na tundu liko palepale.

Hapo ndipo alipogundua ujanja wake. Alitafuta aya ambayo mstari wake wa mwisho ulikuwa umejaa hadi ukingoni, akaongeza neno moja tu. Mstari ukafurika, neno la mwisho likamwagikia chini, likatengeneza mstari wake lenyewe, na tundu likazibika. Kilichobaki ni kuchagua neno. Akiongeza "sana", kipa aliyekosea anakuwa amekosea sana, na kesho anakuja ofisini na kaka zake. Akiongeza jina la mtu, hiyo ni kesi. Kumbe haikumdhuru mtu. "Ni mgeni mwema," Mjomba anaeleza. "Hali chakula chako, halali kitandani kwako, ila akiwepo nyumba inachangamka."

Habari ya kwanza aliyoitia neno hilo ilieleza jinsi wachezaji wote walivyosimama kudai penalti, wakamtazama refa. Sentensi ya mwisho ya aya ilisema hivi: Refa alikuwa anafunga kamba za viatu. Mjomba akaipanga hivi: Kumbe refa alikuwa anafunga kamba za viatu.

Kesho yake mwandishi wa habari hiyo aliteremka ngazi akiwa na gazeti mkononi. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, mwenye kofia, ambaye mji mzima ulimwita Kipenga. Mjomba humwigiza vizuri, hata kukohoa kwake.

"Nani kaniwekea kumbe?"

"Mimi, bwana. Palikuwa na tundu."

"Mimi sikuandika kumbe. Mimi naandika kilichotokea."

"Na tundu pia limetokea. Ulitaka nizibe kwa nini, unga?"

"Ungeacha wazi!"

"Nikiacha wazi, wasomaji watasema mwandishi alisinzia. Nimekuokoa, na hata asante hujatoa."

Kipenga alipanda ngazi kwenda kushtaki kwa mhariri mkuu. Akamkuta mhariri anacheka peke yake, gazeti mbele yake, kwenye ukurasa uleule. "Hiyo kumbe yako ya refa," mhariri akamwambia, "imenifanya nimwage chai. Endelea hivyo hivyo." Wiki iliyofuata zikaja barua za wasomaji, nazo zikimsifu mwandishi wa michezo kwa utamu wa kalamu. Kipenga akateremka tena ngazi, polepole safari hii. "Alinitazama," Mjomba anasema, "kama mtu anayepongezwa kwa mtoto wa jirani."

Basi wakaendelea hivyo, mmoja akiandika na mwingine akiziba matundu, hadi chuma kilipoondolewa na mashine mpya zikaletwa. Wakawa marafiki wa kutukanana. Kipenga alikula kwa mjomba mara nyingi kuliko kwake. Lakini mitaani watu walikuwa wakimwita kwa mbali, "Kumbeee!", naye akiinua kofia na kutabasamu, na mimi niliyemfahamu tangu nikiwa mtoto niliona jinsi tabasamu lile lilivyokuwa likiishia mdomoni.

Mimi ni mhariri katika kampuni ndogo ya vitabu. Tuna vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, dirisha moja, na mashine ya kuchapa karatasi inayokohoa. Kipenga alikuja pale akiwa na fimbo na sanduku la nguo lililojaa vipande vya magazeti. Alitaka makala zake ziwe kitabu. Tulikubali kwa furaha, kwa sababu mzee yule anajua kuandika. Sentensi zake ni fupi na safi kama sahani zilizooshwa. Kabla hajaondoka aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, sharti ni moja. Kila ukikuta kumbe, ng'oa. Isibaki hata moja. Nataka kabla sijafa nisomwe mimi."

Nilisema sawa. Ni haki ya mwandishi, na mimi kazi yangu ni kulinda haki hiyo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mjomba. Walikuwa uani, yeye na mkewe, wanamenya viazi, beseni katikati yao.

"Kitabu cha yule mzee kinaendeleaje, mpwa wangu?"

"Kinaendelea, Mjomba."

"Na kumbe zangu hazijambo?"

Niliinamia beseni. Kisu chake kikasimama.

"Amesema nizitoe."

"Ngapi?"

"Zote."

Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma. "Zote! Mzee huyu! Sasa atabakiza nini? Jasho na kona!" Kisha akachukua kiazi kilichokwisha kumenywa, akaanza kukimenya tena.

Mkazamjomba alimtazama kwa muda. "Baba watoto, hicho umeshakimaliza. Unakitafuta kokwa?"

Mjomba akakiangalia kiazi, akakitumbukiza kwenye beseni. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

"Mwashi huwajengea watu nyumba maisha yake yote, na yeye mwenyewe analala ya kupanga. Sawa, ndiyo kazi. Lakini hata mwashi huacha alama ya kidole kwenye saruji mahali fulani, akipita njia hiyo anajua. Mimi nimepanga maneno ya wakubwa, ya wauza dawa za meno, ya watu waliopotelewa na mbwa. Langu ni hilo moja. Na wajukuu nimeshawaahidi kwamba nitawaonyesha kitabuni: hapa, hapa na hapa, huyu ni babu yenu."

Nilimwambia kwamba kitabu ni cha Kipenga.

"Najua ni chake," akasema. "Ndiyo maana sijakuomba kitu."

Baadhi ya vipande vya sandukuni mwa Kipenga vilikuwa vimeliwa na unyevu, kwa hiyo ilinibidi niende maktaba ya magazeti kunakili makala zilizokosekana. Ni chumba kirefu ghorofani, chenye meza za mbao na magazeti yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, majalada mazito kama milango. Nilikwenda kunakili mpira, nikajikuta nafuata neno.

Katika magazeti ya zamani zaidi, kabla mjomba hajaajiriwa, kumbe ilikuwa mali ya wasomaji. Iliishi kwenye ukurasa wa barua. Mtu anamlaumu jirani yake kwa kumwibia maji, kumbe bomba lilikuwa limepasuka chini ya nyumba yake mwenyewe. Iliishi pia kwenye hadithi za kurasa za mwisho, ambako mgeni mkimya aliyepanga chumba cha nyuma alikuwa, kumbe, ndiye baba mtu. Katika habari zenyewe haikuonekana. Habari zilikuwa zimefunga tai. Refa hakuweza kufunga kamba za viatu akashangaza mtu.

Kisha inachomoza kwenye ukurasa wa michezo, na kutoka hapo inaanza kutembea. Niliikuta kwenye habari za mahakamani: mshtakiwa alidai yeye ni kiziwi, kumbe alisikia jina lake lilipoitwa. Niliikuta kwenye jarida la akina mama, katika mawaidha ya kupiga pasi: wengi hudhani hariri hutaka moto mkali, kumbe hutaka uvuguvugu. Niliikuta kwenye tangazo la magodoro, kwa herufi nene kama ngumi: KUMBE USINGIZI HUNUNULIWA! Na mwaka mmoja wa mvua nyingi, mtu wa hali ya hewa, ambaye bila shaka alikuwa amechoka kutukanwa, aliandika hivi: "Jana tulisema jua. Kumbe." Akaishia hapo.

Sisemi yote hayo yalitoka mkononi mwa mjomba. Neno hilo ni la kila mtu. Mtoto hulijua kabla hajajua kuvaa viatu. Lakini nilipokuwa nikifunua kurasa zile nilihisi kama naona dirisha moja likifunguliwa katika nyumba, halafu la pili, halafu watu wa nyumba nzima wanachungulia nje.

Mahali pamoja tu sikulikuta, napo ni kwenye matangazo ya vifo. Nilitafuta mwaka baada ya mwaka. Kifo hutushangaza kuliko jambo lolote, na ndicho pekee ambacho hatuthubutu kukishangaa kwa maandishi. Tunaandika tu kwamba tunasikitika. Mimi nina tabia ya kukawia mahali kama hapo. Nilikaa nikitazama picha ndogo za watu waliochana nywele vizuri kwa ajili ya siku nyingine kabisa. Halafu nikafunua ukurasa, nikakutana na timu ya kiwanda cha magunia: Mpira ulipita taratibu ukaingia wavuni. Kumbe kipa alikuwa anakula chungwa. Nikacheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanitolea macho juu ya miwani.

Nilijaribu kuisoma bila neno lile. Kipa alikuwa anakula chungwa. Ni nzuri pia. Ina ukavu wake, inamwacha kipa na chungwa lake bila kumwonyesha kidole. Kipenga alikuwa na haki, na mjomba hakuwa na kosa, na karatasi ilikuwa moja.

Aliyekata shauri ni mkazamjomba. Nilipomweleza kwa simu jinsi nilivyokwama, alisema, "Walete wote wawili kwangu Jumamosi wakae mezani. Watu wazima na mvi zao wanagombania neno kama watoto na gololi! Mimi nitapika, wewe lete makaratasi."

Kipenga alifika kabla ya saa ya chakula, kofia kichwani, fimbo ikigonga kizingiti.

"Hodi kwa mwizi wa maneno!"

"Karibu, ombaomba!" Mjomba akajibu kutoka ndani. "Sahani yako inakungoja tangu mwaka jana."

"Vueni viatu kwanza," mkazamjomba akasema, "ndipo mvunjiane heshima."

Niliwaketisha wakitazamana, kurasa za majaribio za kitabu katikati. Hizo nilikuwa nimezichapa na kumbe zake zote, ili waone kinachogombewa. Tulikubaliana kwamba Kipenga asome kwa sauti, na kila akifika kwenye kumbe asimame, mjomba aitetee. Akishindwa, inakwenda.

Kipenga akaanza na ile ya refa. Sauti yake bado ni nzuri. "Wachezaji wote wakamtazama refa. Refa alikuwa anafunga..."

"Rudi nyuma," Mjomba akasema.

"Nini?"

"Umeruka. Mstari wa tatu kutoka chini, mwanzo wa sentensi."

"Wewe huoni kutoka huko! Karatasi imekupa kisogo!"

"Mzee, mimi karatasi ikinipa uso ndipo napotea."

Alijaribu kuruka mara ya pili, kwa ujanja, akikohoa juu ya neno. Akakamatwa. Mara ya tatu aliweka kiganja juu ya mstari, na mjomba akamtajia kilichokuwa chini ya kiganja, kwa kuwa alikumbuka alivyokipanga. Mkazamjomba alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anafuta machozi ya kicheko. Lakini utetezi haukwenda vizuri. Kila mjomba aliposema, "Hapo inachangamsha," Kipenga alijibu, "Hapo inapiga kelele." Nikashika kalamu yangu nyekundu, nikaona aibu kuishika.

Wakafika kwenye habari ya fainali fulani ya timu za mashule. Kipenga akasoma, na safari hii hakuruka. "Kumbe nahodha alikuwa analia kwa furaha, si kwa maumivu."

Mjomba akainamia karatasi. Kisha akatikisa kichwa. "Hiyo si yangu."

"Zote zako," Kipenga akasema haraka. "Tumeshakubaliana."

"Tazama ilipokaa. Iko katikati ya aya. Mimi yangu huiweka mwishoni, pale inapopindua mstari. Hapo haizibi tundu lolote. Imekaa tu, kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake."

Niliangalia tarehe. "Mjomba, wakati huo si ndipo ulipovunjika mkono?" Nilikumbuka vizuri, kwa sababu nilimchorea samaki kwenye plasta, na alikataa ikatwe hadi samaki apigwe picha.

Sote watatu tukamgeukia Kipenga. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa bidii isiyohitajika.

"Ulikuwa nyumbani," akasema hatimaye. "Aliyeshika nafasi yako alipanga nilichoandika, neno kwa neno, kama nilivyotaka siku zote. Asubuhi nikafungua ukurasa wangu. Ulikuwa safi. Ukimya wake ulikuwa kama wa nyumba ambayo watoto wamekwenda shule." Akarudisha miwani machoni. "Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaweka mwenyewe."

"Ukaniibia!"

"Nikaazima."

"Mpwa wangu, kuazima bila kuomba huitwaje?"

"Mimi ni mhariri tu, Mjomba."

"Na umeiweka vibaya!" Mjomba alikuwa amesimama, amefurahi kupita kiasi. "Umeiba mbuzi ukamfunga kamba mkiani!"

"Ningejuaje? Wewe ulinifundisha lini?"

Walicheka hadi Kipenga akaomba maji. Mkazamjomba akaleta, akakaa nao. Kipenga alipotulia aliisukuma karatasi ya kipa na chungwa hadi katikati ya meza.

"Nisomee hii wewe," akamwambia mjomba. "Nimeisikia kwa sauti yangu maisha yangu yote."

Mjomba hakuigeuza karatasi. Akasoma ilivyo, kichwa chini miguu juu, polepole, na alipofika kwenye neno lake hakulikazia. Alilitamka kama mtu anavyolitamka dirishani, peke yake, anapoona mvua imeanza. Kipenga alisikiliza akiwa amefumba macho. Kalamu yangu ilikuwa bado mkononi.

"Ziache," Kipenga akasema.

"Zipi?" nikauliza.

"Zote. Ila sitaki tena kusifiwa kwa kitu kisicho changu. Chukua karatasi, mwanangu, uandike. Hii ikae mbele kabisa, kabla ya yote." Akainua kidevu, kama alivyokuwa akifanya zamani alipotuma habari kwa simu. "Maneno ya kitabu hiki ni ya mwandishi. Kumbe zote, isipokuwa moja, ni za mpanga herufi." Kisha akataja jina la mjomba kwa ukamilifu, lake, la baba yake na la babu yake, nami nikayaandika.

Mjomba akaisoma karatasi yangu kutoka upande wake wa meza. Mkewe alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

"Isipokuwa moja," Mjomba akasema baadaye. "Na hiyo moja imekaa vibaya. Aandike na hilo pia."

"Usizidishe," Kipenga akasema. "Mama, tuletee chakula kabla sijabadili mawazo."

Ukurasa ule wa mbele ulipotoka kwenye mashine yetu inayokohoa, nilimpelekea mjomba nakala. Hakukaa nayo hata dakika ya kuimaliza chai. Alivaa shati safi, akaniambia nimsindikize kwa kinyozi wa mtaani kwao, ingawa kichwani hana cha kunyoa. Kinyozi alikuwa na mteja, akamwacha na povu kidevuni, akafuta mikono, akapokea karatasi. Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Sasa, mzee," akasema, "kitabu kizima hiki, lako ni neno moja tu?"

"Moja," Mjomba akajibu, akajikalia kwenye kiti kilichokuwa wazi na kunyoosha miguu. "Wewe una mangapi?"